Ninasoma Sakafu

Natoka zamu ya usiku kinuni,
saa kumi na mbili na robo, nyusi nyeupe kwa unga,
na upepo wa Menengai unanipaka vumbi juu ya unga
hadi mlangoni kwangu, hapa Kaptembwo.
Sijui tena mimi ni ugali au ni udongo.

Navua viatu nje. Nyumba imelala.
Jana yao ilipita bila mimi,
basi naisoma pale ilipoandikwa: sakafuni.

Soksi moja ya shule, ya kijani, imelowa.
Ya pili haipo.
Katika nyumba hii ya pili haijawahi kuwepo.
Vizibo vya soda kumi na vinne, mstari mmoja,
kutoka mguu wa kochi hadi mlango wa chumba:
ni treni ya kwenda Kisumu,
au ni ng'ombe wa babu yao kule Kimilili
wanashuka mtoni.
Kizibo cha mwisho kimelazwa chali,
kimefunikwa kipande cha karatasi ya mkate
mpaka shingoni, kama kizibo kingekuwa na shingo.

Napita kwa ncha za vidole, nisiikanyage safari ya watu.

Kwenye karai, sabuni ya mche imeng'atwa.
Naigeuza kwenye mwanga: meno manne juu, chini matatu.
Wiki jana chini yalikuwa mawili.
Hivyo ndivyo nilivyojua Khaemba ameota jino,
kwa barua ya sabuni.

Sahani yangu imefunikwa kwa sahani.
Nelima hupakua vipande vinne vya nyama, naujua mkono wake.
Viko vitatu na nusu.
Hiyo nusu imerudishwa, imefichwa chini ya sukuma.
Huyu ni Wanyonyi:
huiba vizuri tu, kisha dhamiri
humkamata akiwa katikati ya mfupa.

Na kitabu cha Simiyu kiko wazi mezani, hisabati:
*Baba ana maembe ishirini na saba.
Akiwagawia watoto watatu sawasawa,
kila mtoto atapata mangapi?*
Jibu la Simiyu, kwa penseli iliyokandamizwa:
*Baba yuko kazini.*
Chini yake mwandiko wa mama: *Tisa. Andika tena.*
Chini yake tena, herufi zimelala upande kwa usingizi:
*Tisa. Lakini yuko kazini.*

Nala nimesimama. Nusu ile naila mwisho.

Chumbani wamelala kama kuni zilizobwagwa,
mguu wa huyu shingoni mwa yule,
na mkononi mwa mdogo, ehe, soksi ya pili,
imechorwa macho kwa kalamu, mdomo wazi,
kama iliyokatizwa ikisema.

Nelima anafungua jicho moja. "Umekula?"
"Nimekula. Nani alikuwa mgonjwa?"
"Nani amekuambia?"
Sisemi kitu kuhusu kizibo.
"Khaemba. Tumbo. Saa tisa ndipo lilipotulia."
Anageukia ukuta.
Zimebaki dakika kumi, anazila kama muwa.

Kisha saa inalia na nyumba inapasuka:
soksi yangu, si yako, mama mwambie,
nani amemaliza maji, mbona chai ina ngozi,
Wanyonyi ananipita mbio, anarudi, ananitazama usoni
kuona kama nimehesabu nyama.
"Shikamoo baba."
"Marahaba, mwizi."
Anacheka mpaka chai inamtoka puani.

Saa moja na nusu, kimya. Mlango umefungwa.
Nanyoosha mwili kwenye kitanda chao,
bado kina joto la watu watatu
na unyevu wa mmoja ambaye simtaji.
Kitu kinanichoma mgongoni. Napapasa:
kizibo cha kumi na tano.

Nakishika juu kwenye mwanga wa dirisha.
Huenda ni ng'ombe aliyepotea.
Huenda ndiye mimi,
nimefika stesheni na unga nyusini,
treni imeondoka sasa hivi.